Kipimo kinaonyesha hewa kavu, lakini tumbo la chatu wangu limeanza kuharibika kwa maji: nimekosea wapi?

Mlezi77

Wafugaji wenzangu, salamu kwenu nyote.

Ninamlea chatu dume wa aina ya Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati ambaye akihisi hatari hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati ya mwili wake. Ana umri wa mwaka mmoja na nusu hivi na uzito wa gramu 720. Anaishi katika kizimba cha kioo chenye urefu wa sentimita 90 na mfuniko wa wavu. Taa ya joto iko upande wa kulia na bakuli la maji liko upande wa kushoto. Tandiko ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, nimeyatandaza kwa kina cha sentimita 3.

Miezi miwili iliyopita alijivua gamba vibaya. Badala ya gamba kutoka zima, kama soksi inavyogeuzwa nje ndani, lilitoka vipande vipande kwa muda wa siku 3, na tangu siku hiyo jicho lake la kushoto limefifia na lina mkunjo mdogo pembeni. Nadhani utando wa zamani unaofunika jicho haukutoka. Nilielezwa kwamba chanzo ni hewa kavu, kwa hiyo nilinunua kipimaunyevu cha mshale, nikakibandika kwenye kioo cha nyuma, juu, upande ule wa taa, na mshale ukasimama kwenye asilimia 40. Tangu hapo nimekuwa nikinyunyiza maji asubuhi na jioni bila kukosa, na nusu ya wavu nimeifunika kwa taulo iliyoloweshwa. Nikinyunyiza, mshale hupanda hadi 65, lakini hazipiti saa 2 kabla haujarudi 45.

Jana nilimwinua ili nimpime uzito, nikageuza tumbo. Magamba matatu ya katikati yana kingo za rangi ya kahawia, na moja kati ya hayo lina lengelenge dogo lenye maji, ukubwa wa kichwa cha pini. Tumbo zima pia lina rangi ya waridi ambayo sijawahi kuiona. Nilipoinua maficho ya upande wa baridi nilikuta ukungu mweupe juu ya tandiko, na harufu yake ilikuwa kama ya nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka.

Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Kipimo kinasema pakavu, tumbo linasema pana maji mengi kupita kiasi. Je, niongeze kunyunyiza au niache? Inawezekanaje kizimba kimoja kiwe kikavu na chepechepe kwa wakati mmoja?

Nyumba_ya_Chatu

Ndugu Mlezi, pole sana, na umefanya vizuri kugeuza tumbo, kwa sababu wengi wetu humtazama nyoka mgongoni tu ilhali maradhi ya unyevu huanzia upande usioonekana. Kwanza fanya haya leo kabla hujasoma zaidi: acha kunyunyiza, ondoa taulo, toa tandiko lote, osha na kukausha sakafu ya kizimba, kisha tandika taulo za karatasi zilizo kavu mpaka tumbo hilo litazamwe na daktari wa wanyama anayewafahamu watambaazi. Taulo uliyoiweka juu ya wavu iondoe pia kwa sababu nyingine. Kitambaa kilicho karibu na taa ya joto hukauka, na kikishakauka kinaweza kushika moto.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililo muhimu kuliko yote uliyouliza. Ndiyo, kizimba kimoja kinaweza kuwa kikavu na chepechepe kwa wakati mmoja, na sababu yake ni joto.

Kipimaunyevu hakikuambii kuna maji kiasi gani hewani. Kinakuambia hewa imeshiba mvuke kwa kiasi gani, ikilinganishwa na kiasi ambacho ingeweza kubeba katika joto hilo hilo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 24 za Selsiasi huweza kubeba takriban gramu 22 za mvuke. Hewa hiyo hiyo ikipashwa hadi nyuzi 32 huweza kubeba takriban gramu 34. Chukua basi hewa ya upande wa baridi wa kizimba chako, tuseme imeshiba kwa asilimia 70, uisogeze chini ya taa bila kuiongezea wala kuipunguzia hata tone moja: kipimo kitasoma asilimia 45 hivi. Hakuna maji yaliyopotea hapo, kilichoongezeka ni nafasi ya kubebea maji. Wewe ulikibandika kipimo chako mahali penye joto kuliko pote, juu, karibu na taa, kisha ukawa unajibu kile kilichosomeka huko kwa kumwaga maji sakafuni anakolala chatu. Hayo ni maeneo mawili tofauti, na yanahitaji kupimwa kila moja peke yake.

Ongeza na mfuniko wa wavu. Hewa iliyopashwa na taa hupanda, hupita kwenye wavu ikiwa imebeba mvuke wako, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya chumbani. Ndiyo maana mshale unarudi 45 ndani ya saa 2 hata ukinyunyiza kwa bidii kiasi gani. Wakati huo huo maji uliyonyunyiza upande wa baridi, na hasa chini ya maficho ambako hewa haizunguki, hayana pa kwenda. Yanabaki kwenye tabaka la juu la tandiko, yaani pale pale tumbo linapogusa. Hewa inakauka huku kitanda kikibaki majimaji.

Jambo la mwisho kwa sasa: hicho kipimo cha mshale usikiamini mpaka ukijaribu. Tia kijiko kimoja cha chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, ongeza matone machache ya maji mpaka chumvi iwe kama mchanga mbichi lakini isiyeyuke, kisha weka kizibo hicho pamoja na kipimo ndani ya chombo kidogo chenye mfuniko usiopitisha hewa. Kiache mahali penye joto la kawaida la chumba kwa muda wa saa 24. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75, sheria ambayo haibadiliki kwa sababu ya ubora wa kipimo chako. Kikisoma namba nyingine, tofauti hiyo ndiyo kosa la kipimo. Ikiwezekana pata vipimo viwili vya kielektroniki vyenye kihisio cha waya, kimoja ukiweke upande wa joto na kingine upande wa baridi, vyote viwili karibu na sakafu, kwa sababu chatu wako haishi darini.

Mganga_wa_Wanyama

Ndugu Mlezi, mimi ni daktari wa mifugo, na ingawa siwezi kumtibu mgonjwa nisiyemwona, kuna mambo matatu katika maelezo yako ambayo yanafaa kutenganishwa, kwa sababu umeyaweka pamoja kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

La kwanza ni rangi ya waridi. Tumbo zima likiwa na waridi uliotandaa sawasawa, bila madoa na bila mipaka, kwa chatu wa aina hii mara nyingi ni dalili ya kwanza kwamba anajiandaa kujivua gamba. Siku chache baadaye rangi za mgongoni hufifia, macho huwa na weupe wa samawati kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, kisha macho hayo huwa maangavu tena, na gamba hutoka siku kadhaa baada ya macho kung'aa. Wafugaji wengi huogopa waridi huu bure. Mtazame kila siku bila kumshika.

La pili, kingo za kahawia na lengelenge, si la kupuuzwa. Hivyo ndivyo ugonjwa wa kuoza kwa magamba unavyoanza: ngozi iliyokaa muda mrefu juu ya kitu kilicholowa na kichafu hulainika, bakteria hupata njia, na malengelenge hutokea kabla magamba hayajaanza kuinuka na kutoa usaha. Katika hatua yako ya sasa kwa kawaida hutibika vizuri, lakini maambukizi hayo yakiachwa yanaweza kuingia kwenye damu. Usitoboe lengelenge. Usipake mafuta ya kupikia, dawa ya meno wala marhamu ya binadamu uliyoikuta kabatini. Mpeleke aonwe wiki hii, na mpaka siku hiyo alale pakavu na pasafi, huku joto la sehemu anayoota likiwa nyuzi 31 hadi 33, kwa sababu nyoka mwenye baridi hana kinga ya kutosha ya kupambana na maambukizi.

La tatu ni jicho. Nyoka hana kope. Juu ya jicho lake kuna gamba moja angavu ambalo hutoka pamoja na ngozi yote. Lisipotoka, lipya hukua chini yake. Nakusihi usijaribu kulibandua kwa kibano wala kwa ukucha wala kwa utepe wa kunata. Nimewaona nyoka waliopoteza jicho si kwa sababu ya utando uliobaki, bali kwa sababu ya mkono wa mtu aliyetaka kusaidia, maana utando wa zamani na gamba jipya hushikamana, na anayevuta hawezi kujua ni tabaka lipi lililo mkononi mwake. Mara nyingi, unyevu ukiwa sawa, utando wa zamani hutoka pamoja na gamba linalofuata. Ukibaki mara mbili au tatu mfululizo, hiyo ni kazi ya daktari.

Wakati unamtazama, angalia pia ncha ya mkia. Pete ya ngozi kavu iliyobaki pale hukaza kama uzi uliofungwa kidoleni, damu haipiti, na ncha ya mkia hufa.

Mlezi77

Daktari, na wewe ndugu wa Nyumba ya Chatu, nashukuru kutoka moyoni. Nimefanya kila mlichosema, na miadi ya daktari ni keshokutwa.

Jaribio la chumvi limenifungua macho. Baada ya saa 24 kipimo changu kilisoma 62 badala ya 75, yaani kwa miezi miwili yote kilikuwa kinanidanganya kwa pointi 13, na juu ya hilo nilikuwa nimekibandika mahali penye joto kuliko pote. Kabla sijatoa tandiko niliweka kipimo cha kielektroniki sakafuni upande wa baridi, ndani ya maficho. Kilisoma 91. Nimeumia kuona hivyo, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa naamka kabla ya wengine ili ninyunyize, nikiamini kwamba namsaidia.

Ncha ya mkia niliikagua kwa kurunzi na nilikuta pete moja nyembamba. Je, nimwogeshe ili itoke? Na tumbo likishapona, nitawezaje kupata unyevu wa kutosha bila kurudi kule kule nilikotoka?

Mganga_wa_Wanyama

Usimtie kwenye beseni na kumshikilia. Chukua chombo chenye mfuniko uliotobolewa, weka ndani taulo safi iliyoloweshwa kwa maji ya nyuzi 28 hadi 30 kisha ikakamuliwa, mwache apite katikati ya mikunjo ya taulo kwa dakika 20 hadi 30 huku ukiwa hapo hapo. Mara nyingi pete hiyo hulainika na kutoka kwa msuguano wa taulo wenyewe, au kwa kuifuta polepole kuelekea ncha kwa kidole kilichofungwa kitambaa chepesi. Ikigoma, acha, rudia kesho. Lakini kwa kuwa tumbo lina lengelenge, mwulize kwanza daktari atakayemwona keshokutwa kama anaruhusu, kisha hakikisha amekauka kabisa kabla hajarudi kizimbani.

Na nisikilize jambo hili pia: ukisikia mluzi mwembamba puani siku anazokaribia kujivua gamba, unaweza kuwa ni ngozi iliyolegea tu kwenye tundu la pua. Ukiona mapovu mdomoni au puani, akipumua kwa mdomo wazi, au akiinua kichwa juu na kukiacha hivyo muda mrefu, huo ni ugonjwa wa njia ya hewa, na hapo hakuna kusubiri.

Nyumba_ya_Chatu

Ndugu yangu, usijilaumu kwa hizo asubuhi. Nitajibu swali lako la pili kwa kirefu kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kumbuka kwanza chatu huyu anakotoka. Watu husikia kwamba anaishi kwenye savana na mbuga zenye majani, wakadhani anapenda pakavu. Wengine husikia Afrika Magharibi, wakadhani anataka msitu wa mvua. Ukweli ni kwamba muda mwingi wa mchana huwa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambako joto halipandi wala kushuka kwa ghafla na hewa ina unyevu kuliko ile ya juu, hali ardhi anayoilalia haitiririki maji. Hicho ndicho unachotakiwa kukijenga: hewa yenye unyevu juu ya sakafu kavu. Ili vitu hivyo viwili vipatane, maji lazima yakae chini, sio juu.

Tumbo likishapona, rudisha makumbi, lakini safari hii yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10. Sentimita 3 haziwezi kuwa na tabaka mbili. Ukimwaga maji, yote yanalowa, na ukiacha, yote yanakauka. Ukiwa na kina, unamimina maji polepole kwenye pembe za kizimba, kandokando ya kioo, ili yashuke hadi chini bila kulowesha uso wa tandiko. Tabaka la chini linakuwa ghala, na joto linauvuta mvuke kidogo kidogo kupitia tabaka kavu la juu. Mimi huanza na nusu lita, nasubiri siku 2, ndipo naamua kama niongeze. Kujua kama umefikia kiasi, penyeza mkono mpaka sakafuni, chota konzi moja, uibane. Ikishikamana na ukaona kiganja kimepata ubaridi bila maji kuchuruzika vidoleni, inatosha. Ikidondosha maji umezidisha. Ikimwagika kama pumba, ongeza. Kisha weka kiganja juu ya uso wa tandiko: uso huo usikuachie unyevu hata kidogo.

Usitumie maranda ya mwerezi kwa namna yoyote ile, mafuta yake yana madhara kwa nyoka.

Wavu ndio mlango ambao mvuke wako wote unatokea, kwa hiyo uzibe sehemu kubwa, lakini kwa kitu kisichokunywa maji na kisichoshika moto. Karatasi ya alumini inafaa, na ukiacha eneo la kuzunguka taa na ukanda mmoja upande wa pili, hewa itaendelea kupita. Usizibe wote. Hewa iliyosimama ndani ya kizimba chenye unyevu huleta ule ukungu uliouona, na inaweza kuyadhuru mapafu ya chatu. Kama vioo vya kizimba vinatiririka maji mchana kutwa, fungua zaidi.

Bakuli la maji lisogeze katikati, na liwe pana kuliko lilivyo na kina, kwani mvuke hutoka kwenye uso wa maji. Karibu na joto maji hutoa mvuke haraka zaidi, ila itabidi uyabadilishe mara nyingi kwa sababu maji ya uvuguvugu huchafuka upesi. Taa nayo lazima iongozwe na kidhibiti joto. Bila hicho, siku ya joto taa itaendelea kupasha na kukausha, na jitihada zako zote zitapotea.

Halafu kuna kitu ambacho kwangu mimi kimeokoa magamba mengi kuliko hayo yote, nacho ni maficho ya unyevu. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko, kisichopitisha mwanga, kinachomtosha chatu akiwa amejikunja huku mwili ukigusa pande zote. Toboa mlango ubavuni, laini kingo zake mpaka zisiweze kukwaruza, na ujaze nusu kwa kuvumwani aina ya sfagnamu, yaani mimea midogo laini inayoshika maji kama sifongo, iliyoloweshwa na kukamuliwa kwa nguvu zako zote. Kiweke kati ya joto na baridi. Maficho mengine mawili, la upande wa joto na la upande wa baridi, yabaki makavu. Chatu mwenyewe atachagua, na utashangaa jinsi anavyojua: wa kwangu hapiti karibu na chombo hicho kwa wiki nyingi, lakini macho yakianza kufifia anaingia na kukaa humo mpaka siku ya kujivua. Kuvumwani ukague kila wiki, uubadilishe mara tu ukinusa harufu isiyo ya udongo.

Angalizo moja kuhusu bakuli: chatu akianza kulala ndani ya maji, usikimbilie kusema hewa ni kavu. Huenda kuna joto kali, huenda maficho hayamtoshi, na huenda ana utitiri. Tazama kama kuna vitone vyeusi vidogo vinavyoelea kwenye maji au vinavyotembea kando ya macho na chini ya kidevu.

Mchanga_Mkavu

Nakubaliana na waliotangulia, ila naomba nitie neno kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa wakiwa na nyoka wa aina nyingine, kwa sababu mimi niliponzwa na ushauri mzuri usionihusu.

Ninafuga boa wa mchanga wa Afrika Mashariki, Eryx colubrinus, mkaaji wa nchi kavu ambaye hujifukia na kubakiza macho tu juu ya mchanga. Niliposhika namba za wafugaji wa chatu, asilimia 60 na kuendelea, nikamtengenezea kizimba kama cha chatu, na ndani ya wiki chache alikuwa na malengelenge kama hayo ya Ndugu Mlezi. Kwake yeye kizimba kikavu chenye pembe moja tu ya unyevu kilitosha. Upande wa pili kuna boa wa upinde wa mvua wa Amerika Kusini, Epicrates cenchria, ambaye hali inayomfaa chatu ingemkausha. Yeye huhitaji asilimia 75 na zaidi. Nyoka wa mahindi yuko katikati, na asilimia 40 hadi 60 humtosha. Kabla hujakopa namba, uliza ni ya nyoka gani.

Ninatofautiana kidogo na wale wanaotaka namba moja isiyotetereka. Nimeona watu wakiweka mashine ya mvuke inayojiwasha kila kipimo kikishuka chini ya 70, na kizimba hakipati saa hata moja ya kukauka. Hilo nalo ni kosa.

Nyumba_ya_Chatu

Umesema kweli, na ndiyo maana kwa Python regius husema kati ya 60 na 80, si namba moja. Usiku taa ikizimwa au joto likishuka, kipimo kitapanda chenyewe bila wewe kuongeza tone, kwa sababu ile ile niliyoieleza juu ya hewa na joto. Ndugu Mlezi, ukiona 78 alfajiri na 62 alasiri, hapo hakuna tatizo la kutibu. Andika namba za sehemu zote mbili pamoja na joto lake kwa siku 10 hivi, na utaanza kuufahamu mwenendo wa kizimba chako.

Mlezi77

Naleta mrejesho, baada ya wiki 6.

Daktari alithibitisha kwamba ulikuwa mwanzo wa kuoza kwa magamba. Alisafisha, akanipa dawa ya kupaka, akaagiza taulo za karatasi kavu kwa wiki 3, zikibadilishwa kila siku. Waridi kweli ulikuwa wa kujivua gamba, kama mlivyonieleza. Kwa kuwa tandiko lilitakiwa kuwa kavu kabisa, daktari aliniruhusu nimpe chombo chenye taulo iliyokamuliwa kwa dakika 30 jioni, siku zile macho yalipokuwa meupe, kisha nimkaushe. Gamba lilitoka vipande viwili, pete ya mkia ikatoka nalo, lakini jicho la kushoto lilibaki kama lilivyokuwa. Nilikaa na kibano mezani, nakiri, nikakumbuka maneno ya Daktari, nikakirudisha kwenye droo.

Lengelenge lilikauka na kingo za kahawia zikafifia, ndipo nilipojenga upya: makumbi sentimita 9, maji kwenye pembe nne, alumini juu ya theluthi mbili ya wavu, kidhibiti joto, na kile chombo cha kuvumwani. Mara ya kwanza nilimimina lita nzima, nikabana konzi, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko, ikanibidi kuchota tandiko la chini na kuchanganya na kavu. Sasa naongeza chini ya nusu lita kila baada ya siku 8 au 9. Daftari langu linaonyesha 64 hadi 77 upande wa baridi na 50 hadi 58 upande wa joto, uso wa tandiko ukiwa mkavu.

Wiki iliyopita macho yake yalififia tena. Usiku huo huo aliingia kwenye chombo cha kuvumwani na sikumwona kwa siku 5, isipokuwa pua mlangoni. Jana asubuhi nilikuta gamba limelala kando ya bakuli, zima, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, bado lina ubaridi na ulaini wa kitu kilichotoka sasa hivi. Nililinyoosha juu ya meza na kuliinua kichwa dhidi ya mwanga wa dirisha. Upande wa kulia palikuwa na duara moja angavu. Upande wa kushoto palikuwa na maduara mawili, moja juu ya jingine, lile la nje likiwa na mkunjo ule ule mdogo pembeni.

Nilikwenda kumtazama. Macho yote mawili ni meusi na yanang'aa, na alikuwa ameshatoka kwenye chombo cha unyevu, amelala kwenye maficho makavu ya upande wa joto.

Mganga_wa_Wanyama

Hongera, Ndugu Mlezi. Sasa toa kuvumwani uliotumika, weka mpya, na umpe siku 2 au 3 kabla ya kumpa chakula. Tumbo liendelee kukaguliwa kila unapompima uzito.